Simu Isiyo na Tundu

Dobi wetu anaitwa Mvumo, na jina hilo hakupewa na mamaye. Walimpa watu wa kwaya, kwa sababu akiimba ile sauti ya chini kabisa, besi, vioo vya madirisha ya ukumbi vinatetemeka, na kama umeegemea ukuta utaisikia mgongoni kabla haijafika masikioni. Mwenyewe ni mtu mfupi, mwembamba, shingo kama ya kuku. Mgeni akimsikia mara ya kwanza hugeuka kutazama nyuma, anamtafuta anayeimba.

Chumba chake cha kazi kiko kando ya barabara, kimepakana na duka la vipuri vya baiskeli. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu na shuka nyeupe juu yake. Pasi ni ya umeme, lakini chini ya meza ipo na ile ya mkaa, maana umeme una tabia zake. Kuna beseni la wanga, kuna chupa ya kunyunyizia maji iliyotobolewa kizibo kwa msumari, na kuna kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Mkewe hukaa kwenye kigoda karibu na mlango, anashona vifungo vilivyokatika. Kazi yake ya pili ni kuwajibu wateja.

"Mama, shati langu bado tu?"

"Shati lako lina haraka kuliko wewe? Jana nilikuona na fulana, unacheka mpaka jino la mwisho."

Mimi nakaa pale mara nyingi. Mzee asiye na kazi anahitaji mahali pa kukaa penye watu wanaofanya kazi, vinginevyo anaanza kusikiliza magoti yake.

Sasa, kabla sijafika kwenye habari yenyewe, niseme kidogo juu ya kola. Watu wengi hupiga pasi kola kuanzia katikati kwenda nchani, ndiyo maana zinakunjamana pale kwenye ncha. Mvumo huanzia nchani kuja katikati, upande wa ndani kwanza, halafu anaigeuza. Na hayo yote anayafanya akiimba moyoni. Kola moja, mstari mmoja wa wimbo. Mkono wa shati ni kiitikio. Suruali ni ubeti mzima, na akifika kwenye pindo anakuwa amefika mwisho wa ubeti. Nimekaa pale miaka na sijamwona akikosea, wala nguo wala wimbo.

Wimbo wenyewe alikuwa akiusikiliza kwenye hedifoni zake. Zilikuwa kubwa, nyeusi, za waya, zile zinazofunika sikio lote kama bakuli. Sponji yake ilikwisha zamani, mkewe akazivalisha kitambaa cha pazia la maua. Waya aliupitisha mgongoni, ndani ya shati, ukatokea kiunoni na kuingia kwenye simu iliyokaa mfuko wa nyuma. Alifanya hivyo ili pasi isiukanyage. Iliwahi kuukanyaga mara moja, na hapo palipoungua pamefungwa utepe wa gundi.

Kwaya yetu ina wimbo mmoja mkubwa, wa zamani, ambao kila mtu mtaani anaujua. Ubeti wa kwanza wanaimba wote. Ubeti wa pili wote wananyamaza, kinanda kinashuka, halafu besi inaingia peke yake. Huo watu wanauita ubeti wa Mvumo. Hata watoto wakiigiza kwaya huko nje, mmoja lazima abane kidevu kifuani na kuukoroma.

Basi Mwalimu wa kwaya akasema wimbo huo urekodiwe, utumwe kwa watu wote, walio karibu na walio mbali. Lakini paa la ukumbi lilikuwa limevuliwa mabati kwa matengenezo, pa kukutania hapakuwepo. Mwalimu akapata njia. Alipiga kinanda peke yake, akawatumia waimbaji kwenye simu. Kila mtu nyumbani kwake aweke kinanda masikioni, aimbe sauti yake simu ikimrekodi, arudishe. Mwalimu angeziunganisha zote kwenye kompyuta.

Mvumo aliniambia siku hiyo, huku akinyunyiza maji kwenye suruali ya mtu: "Mzee, nikifa, pasi atashika mwingine. Vifungo hivi atashona mwingine. Lakini ubeti ule nataka mjukuu wangu ausikie kwa sauti yangu mimi. Kitu kingine sidai."

"Mjukuu gani, wakati bintiyo hajaolewa?" mkewe akadakia.

"Atakuja."

"Haya. Mrekodie na nyimbo za kumbembelezea kabisa."

Wiki hiyohiyo simu ya Mvumo ikatumbukia kwenye beseni la wanga. Walipoitoa ilikuwa imekakamaa kama kola. Binti yake, anayefanya kazi ya kuoka mikate mji mwingine, aliposikia hakukawia, akanunua simu mpya na kuituma. Hakuituma kwa baba moja kwa moja. Aliituma kwa shemeji yake Mvumo, ambaye ni fundi simu, ili aiandae kwanza, aingize namba na zile nyimbo za kwaya, ndipo aipeleke.

Huyu shemeji nimweleze. Amemuoa mdogo wake Mvumo wa kike. Ana kibanda chake mtaa wa pili, kimejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Mtu mchangamfu, msafi, na mwimbaji vilevile. Naye ni besi, na kwenye safu husimama bega kwa bega na Mvumo. Sauti yake nzuri, inafanana kabisa na ya Mvumo, imepungua uzito kidogo tu. Hawa walikuwa watu wa kushinda pamoja. Shemeji akipata habari ya kuchekesha, alikuwa anafunga kibanda aje kuisimulia kwenye meza ya pasi kwanza.

Siku aliyoleta simu nilikuwepo. Mvumo aliishika kwa vidole viwili kama yai, akaigeuza huku na huku.

"Tundu liko wapi?"

"Tundu gani tena, shemeji?"

"La hedifoni."

Shemeji akacheka. "Hayo ya zamani hayo. Simu za siku hizi hazina tundu hilo. Wameliziba."

"Nani kaliziba?"

"Walioitengeneza."

"Wamekosa kazi," mkewe Mvumo akasema. "Si ulitoboe wewe, fundi?"

"Nikiitoboa itakufa, shemeji yangu. Utazika simu ungali unaipenda."

Mvumo akazichukua hedifoni msumarini, akaishika ncha ya waya mkononi kama mtu aliyefika na ufunguo akakuta mlango wote umeondolewa. "Na hakuna kitu cha kuunganishia? Kiungo chochote?"

"Kwa simu hii? Hakuna. Mimi si ndiye fundi? Kingekuwepo ningekwambia." Hapo shemeji akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikasha kidogo cheupe. "Ila sikuja mikono mitupu. Hizi zawadi yangu. Hazina waya. Unachomeka sikioni hivi, basi, hewa inafanya kazi yenyewe."

Mkewe akachungulia. "Kama maharage. Zikidondokea kwenye nguo za watu tutazipiga pasi humohumo."

Lakini Mvumo hakucheka. Aliguswa. Alimshika shemeji mkono kwa mikono yake yote miwili, na alipoondoka akatuambia, "Dada yangu ameolewa na mtu." Jioni bintiye alipopiga kuuliza kama vimefika vyote, akamjibu, "Vyote, mwanangu. Vimefika vyote."

Akaanza kurekodi. Aliweka yale maharage masikioni, akafunga mlango, akamwomba mkewe asikate uzi kwa meno maana simu ingeusikia, akaimba. Akatuma. Mwalimu akarudisha jibu: sauti safi, ila uko nyuma ya kinanda, rudia. Akarudia. Uko nyuma. Akarudia tena akiwa amesimama, akarudia akiwa amekaa, akarudia akipiga mguu chini. Jibu likawa lilelile. Mwalimu ni mtu wa adabu, hakuwahi kumkaripia. Alimwandikia tu, "Ndugu yangu, unaburuta."

Hebu fikiri neno hilo kuambiwa mtu kama yule. Angeambiwa amepotea kidogo kwenye sauti angecheka. Lakini kuburuta! Mtu anayejua ubeti mpaka kwenye pindo la suruali!

Akamwendea shemeji kibandani. Habari hizi nilizipata baadaye kutoka kwa Mvumo mwenyewe.

"Shemeji, naambiwa nachelewa. Isije ikawa hivi vitu vya masikioni?"

"Vitu vimekosa nini? Vipya kabisa hivyo." Shemeji hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiifungua. "Ni umri, shemeji. Sauti ipo, mwili ndio unachoka. Usione haya, litatufika wote."

"Nifanyeje sasa?"

"Wahi. Kinanda kikianza kushuka, usikingoje. Ingia."

Basi Mvumo akaenda kujifunza kuwahi. Mtu wa makamo yale, anakaa na pasi mkononi, anajifunza upya kitu alichokijua tangu ujana. Alikuwa akikisikia kinanda anajisukuma, anaingia kabla. Na kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kufuata wimbo, mkono nao ukaanza kukimbia. Siku moja harufu ikapanda, tukatazamana. Alikuwa ameunguza kola ya shati la bwana mmoja wa benki. Alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi. Mkewe hakutia neno la mzaha siku hiyo. Alilichukua shati, akaigeuza kola ndani nje na kuishona upya.

Paa likaisha, ukumbi ukafunguliwa, Mwalimu akaita mazoezi ya pamoja ili amalizie kurekodi hapohapo zile sauti zilizobaki. Mimi hupenda kukaa benchi la nyuma nisikilize. Ubeti wa kwanza ukaenda vizuri. Wote wakanyamaza. Kinanda kikaanza kushuka, na hakijafika hata katikati ya ngazi, Mvumo huyo, ameshaingia.

Mwalimu akasimamisha. Wakaanza tena. Akawahi tena, safari hii zaidi.

"Mvumo, tungoje wenzio!" sauti ikatoka kwa wanaume.

"Kaacha pasi kwenye umeme nyumbani!" akasema mama mmoja wa sauti ya kwanza, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walicheka kwa kumpenda, siwalaumu. Naye alicheka. Lakini nilimwona akifungua kifungo cha juu cha shati.

Alijaribu tena na tena. Akijizuia, anachelewa. Akijiachia, anawahi. Mwisho Mwalimu akaja karibu, akamshika bega, akasema ubeti huo, kwa ajili ya kurekodi tu, aujaribu shemeji.

"Mimi?" shemeji akasema. "Hapana, Mwalimu. Huo ni wa kwake." Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Halafu akaimba. Ukanyooka kama mstari wa suruali mpya. Watu wakapiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Mvumo. Mwalimu akasema Jumamosi atafunga kazi, asiyeleta marekebisho mpaka siku hiyo basi.

Sasa kuna jambo moja la kazi ya udobi. Nguo ikiingia, kabla haijaguswa na maji, mifuko yote inageuzwa. Mvumo ana vikombe kwenye rafu, kila mteja na chake, na kilichokutwa mfukoni kinakaa humo mpaka mwenyewe aje. Hata njiti ya meno anarudisha. Shemeji alikuwa ameleta suruali yake ya sare ya kwaya ifuliwe na kupigwa pasi kwa ajili ya Jumamosi. Mvumo akageuza mifuko, na kwenye ule mdogo wa mbele kikadondoka kiwaya kifupi, urefu wa kidole, cheupe. Upande mmoja kina mdomo bapa kama wa chaja. Upande wa pili kina kitundu. Katikati kimezungushiwa uzi mwekundu na kufungwa kifundo.

Alikuwa anakitia kwenye kikombe wakati nesi mmoja, mteja wa siku nyingi, alipoingia kuchukua magauni yake meupe.

"Na wewe unatumia hiki?" nesi akauliza.

"Hata sikijui. Ni nini?"

"Si kile cha kuunganishia waya wa masikioni. Simu yangu nayo haina tundu. Ninacho kama hiki, sitoki bila hicho." Akakichukua, akanyoosha mkono kuomba simu ya Mvumo, akachomeka mdomo bapa chini pale panapoingia chaja. "Lete hedifoni."

Mvumo akazitoa msumarini. Zilikuwa na vumbi kwenye maua ya pazia. Nesi akachomeka waya kwenye kile kitundu, kikasema *tik*. Mvumo akazivaa. Nikaona uso unafunguka. Alikuwa anakisikiliza kinanda cha Mwalimu na vidole vinapiga shuka ya meza, taratibu.

"Kwa nini huzitumii zile zisizo na waya?" nikamuuliza nesi, kwa kutaka kujua tu.

"Kwa kusikiliza nazitumia. Kwa kitu cha kwenda pamoja hazifai, babu, zinachelewesha. Kidogo sana, lakini zinachelewesha. Nikitazama filamu naona mdomo umeshafunga ndiyo neno linafika."

Mvumo akazivua. "Zinachelewesha?"

"Mafundi wote wa simu wanajua. Muulize shemeji yako."

Nesi akachukua magauni yake akaenda zake. Mvumo akabaki amesimama, halafu, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, akatabasamu. "Mnaona? Shemeji kanitafutia! Atakuwa amekipata mahali, alikuwa anakuja kunishtukiza nacho, akakisahau mfukoni. Na uzi amekifunga kisipotee!"

Mkewe alikuwa ameutazama ule uzi kwa muda mrefu. Ni mshonaji, anazijua nyuzi, na anakijua kifundo cha mtu aliyemfundisha mwenyewe kufunga.

"Mpigie mtoto," akasema. "Mwambie umekipata."

Akampigia, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Nyuma ya binti palikuwa na kelele za matrei ya mikate.

"Mama yako ananiambia nikupigie," Mvumo akaanza kwa furaha. "Hedifoni zangu zimefufuka! Kumbe kuna kiwaya!"

"Si ndicho nilichokuwekea, baba? Kile chenye uzi mwekundu. Nilijua huwezi kuziacha hizo hedifoni zako za mapazia. Nilikifunga na uzi nikakibandika juu kabisa ya boksi, kisipotee. Kwani ndiyo leo umekiona? Si ulisema vimefika vyote?"

Barabarani lilikuwa linapita gari la takataka, likapita lote. Mvumo aliiweka pasi pembeni, akaikalisha kwa kisigino.

"Vimefika, mwanangu," akasema. "Vimefika vyote. Kazi njema."

Akakata. Mkewe akasema jina la Mungu mara moja, kwa sauti ndogo, akaendelea kushona kifungo ambacho kilikuwa kimekwisha kushonwa.

Mtu mwingine angefunga mlango aende kibandani na makelele. Mvumo alichukua ile suruali ya shemeji, akaifua, akaianika, na ilipokauka akaipiga pasi. Aliipiga vizuri mno. Mstari wa mbele ungeweza kukata karatasi. Akaikunja, akaiweka mezani, na juu yake akakiweka kile kiwaya.

Shemeji akaja jioni akipiga mluzi. "Aisee, mabingwa! Suruali yangu imekwisha, au bado inaomba ruhusa?"

Halafu akaona. Mluzi ukamkatikia midomoni.

"Nimekikuta mfukoni," Mvumo akasema. "Kila kitu narudisha, unanijua."

"Ah. Hicho… hicho ni cha mteja, shemeji. Kuna mtu aliniachia."

"Mteja wako anaoka mikate?"

Shemeji akanitazama mimi, akamtazama mke wa Mvumo, kama mtu anayetafuta kiti. Hakuna aliyemkaribisha.

"Nilisahau," akasema. "Haki ya Mungu. Siku ile nilikitoa nikijaribu simu, nikakiweka pembeni, kazi zikawa nyingi…"

"Ukakiweka pembeni ukawa unarekodia wewe."

Shemeji akashika ukingo wa meza.

"Nilikuuliza mwenyewe, hapa. Nikakuuliza hakuna kiungo? Ukanijibu wewe ndiye fundi. Nikakufuata kibandani nikakuuliza si hivi vitu vya masikioni? Ukanijibu umri." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, ikawa ile ya kwenye ubeti, na chupa ya maji juu ya meza ikawa inatetemeka. "Nikakuuliza nifanyeje. Ukanifundisha kuwahi. Ulikaa ukafikiri cha kunifundisha."

"Shemeji, nisikilize." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Miaka yote mimi ni yule aliyesimama pembeni ya Mvumo. Nikienda msibani, nikienda harusini, 'huyu ni shemeji yake Mvumo.' Hata mke wangu akiringa mbele za watu, anayemtaja ni kaka yake. Nami nina sauti. Nilitaka mara moja tu. Kwenye kurekodi tu, halafu ubeti ungerudi kwako. Sikujua utaharibika hata ukumbini."

"Ungeniomba."

"Ungenipa?"

Mvumo alifikiri. Alifikiri kweli, na hapo ndipo nilipomheshimu. "Sijui," akasema. "Labda ningekataa. Lakini ningekuwa nimekukatalia nikiwa na masikio yangu."

Shemeji akachukua suruali. Kiwaya akakiacha. Mlangoni akageuka: "Utamwambia dada yako?"

"Unalala naye nyumba moja, mwambie wewe."

Jumamosi Mvumo akaenda ukumbini na hedifoni zake shingoni. Alimweleza Mwalimu mambo ya waya, hakumweleza ya mtu. Mwalimu akafurahi, akasema kumbe! Akamkalisha kwenye kiti, akamwashia kinanda. Mimi nilikuwa kwenye benchi langu la nyuma.

Ningependa kuandika kwamba ubeti uliingia pale pake. Haukuingia. Alisikia kinanda kikishuka, kikiwa sahihi kabisa, kimefika sikioni kwa wakati wake, naye hakukiamini. Alingoja, akashtuka, akakimbilia. Mara ya pili akawahi. Mara nyingine akasimama katikati ya neno, akavua hedifoni, akamuuliza Mwalimu, "Ni sasa? Niingie sasa?" Yeye, Mvumo, anauliza aingie lini. Mwalimu akamwonyesha kwa kidole, na hata kwa kidole alichelewa.

Sauti yake ilikuwa ileile, madirisha yalitetemeka. Lakini zile wiki alizojifundisha kutoliamini sikio lake zilikuwa zimeingia mwilini, na hazikutoka kwa sababu waya umechomekwa. Mwalimu alivumilia mpaka jua likahama dirisha. Halafu akasema, taratibu, kwamba hawezi kuwasubirisha wengine.

"Tumia huo mwingine," Mvumo akasema. Akaukunja waya, akaupitisha mgongoni ndani ya shati, akarudi kazini.

Wimbo ukatumwa. Ukaenea mtaani kama harufu ya mvua. Ukipita kwa kinyozi unausikia, ukipita kwa fundi viatu unausikia. Na hapo likatokea jambo ambalo yule fundi simu hakulipigia hesabu. Kwa kuwa sauti zile mbili zinafanana, na kwa kuwa ubeti ule una jina la mtu, kila aliyeusikia alijua anamsikia nani. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kibandani kumpongeza. Wote walikuja kwa dobi.

"Mvumo! Nimekusikia! Umenitoa machozi!" Huyo alikuwa bwana wa benki, yule mwenye shati la kola iliyogeuzwa. "Watoto wameurudia mpaka bando likaisha. Hiyo sauti, wewe mtu, unaificha wapi?"

Mkewe Mvumo aliinua kichwa haraka, akamtazama mumewe. Nilijua anachokiomba kwa macho yale. Anyamaze. Apokee. Jina ni lake, ubeti ni wake, ameibiwa mchana kweupe, na sasa watu wenyewe wanamrudishia mlangoni bila kuombwa. Angetikisa kichwa tu ingetosha. Na huyo mjukuu, akizaliwa, angewekewa wimbo aambiwe msikilize babu.

Mvumo alikuwa amefika kwenye kola. Aliimaliza, kutoka nchani mpaka katikati.

"Si mimi," akasema.

"Acha utani. Si wewe nani?"

"Si mimi, bwana. Ni mume wa dada yangu."

Bwana wa benki akacheka, akidhani ni unyenyekevu. Akasema wasanii ndivyo walivyo, akachukua mashati yake akaondoka akiuimba ule ubeti, vibaya, kwa kubana kidevu kifuani. Akaja mwingine, naye akaambiwa si mimi. Akaja wa tatu. Siku nzima ile alikuwa akiwarudisha mlangoni mmoja mmoja, na wengi hawakumwamini.

"Utawaambia wangapi?" mkewe akamuuliza alipochoka kusikiliza.

"Wote watakaokuja," Mvumo akasema, akageuza shati upande wa pili.